Limau Juu ya Marumaru

Nakumbuka siku moja tukila chakula cha mchana kwenye machimbo ya marumaru, huko Kajiado: mimi, kaka yangu Lemayian, na mjomba wetu aliyekuwa msimamizi pale. Mwanangu, sikusoma sana. Nikikosea habari za mawe, anayejua anisahihishe.

Baba alikuwa amefariki, na kiangazi kikamaliza ng'ombe. Yeyo, mama yetu, hakulia mbele yetu hata mara moja. Sasa Lemayian alitaka kuuza shamba la Kitengela, pamoja na nyumba ya Yeyo. Sitaki kumwonea: alikuwa na watoto wa kusomesha, na kisima cha pale kilikuwa kimekauka. Lakini mnunuzi alikuwa ameshapatikana na Yeyo hajaambiwa. Nikamuuliza kaka, na Yeyo je?

"Yeyo ni jiwe," akasema. "Atazoea tu."

Mjomba akaacha kutafuna. "Jiwe gani, Lemayian? Unachimba mawe kila siku na huyajui?"

Akavuta kipande cha marumaru, akakikwaruza kwa kisu hadi unga mweupe ukatoka, akaukamulia limau tulilokuwa tukilia nyama. Unga ukatoa povu. Akatueleza, bila haraka, kwamba hili zamani lilikuwa jiwe la chokaa tu. Likafukiwa chini kabisa, likapikwa na joto bila kuyeyuka, likabanwa na uzito wa ardhi, mpaka chembe zake zikakua upya na kushikana. Ndiyo maana ukilisugua linang'aa.

"Lakini ndani bado ni chokaa," akasema. "Limepita kwa moto wote huo, na limau bado linaliuma. Huyo unayemwongelea ni dada yangu."

Lemayian hakumaliza nyama yake. Jioni akaketi karibu na Yeyo, nami nikiwa pale, maana hata mimi sikuwa nimemuuliza.

"Yeyo, tukiuza hapa, utaumia?"

Alijifuta kwanza macho kwa shuka. "Nitaumia. Uzeni, maji hakuna. Lakini si pale alipolala baba yenu."

Ile kona yenye kaburi tuliiacha. Iko mpaka leo.

Wahenga walisema, usiusemee moyo. Basi mwanangu, ukimwona mtu amepikwa na kubanwa na maisha, naye bado anang'aa, usidhani haumii tena. Kabla hujamwamulia, muulize, na ungoje ajibu. Mungu akunyeshee mvua kwa malisho yako, na siku ukizeeka, akupe watoto wa kukuuliza.