Msamaha wa Bwana Harusi

Fulana niliyopewa siku ile ilikuwa nyeupe, na kifuani ilichorwa chungwa lililokatwa nusu, ingawa kiwanda cha juisi kilichoitoa hakikuwa na haja na machungwa. Niliivaa juu ya shati langu, nikasimama mbele ya watu wa Bwera, mji wetu mdogo wa mpakani, katika ukumbi wa kanisa, mkononi kipaza sauti ambacho waya wake ulikuwa umefungwa kwa utepe mweusi. Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi na riwaya isiyokwisha ndani ya begi, nakaa kwa shangazi yangu mlimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka sokoni. Mwenyekiti wa kijiji alinichagua niwe mkalimani kwa sababu moja tu.

"Wewe unajua kusema mpaka mtu anaona," aliniambia.

Nilijivunia maneno hayo kwa siku nyingi. Leo nikiyakumbuka, miguu yangu inataka kuondoka chini ya meza.

Mtu wa kampuni alikuwa kijana kuliko tulivyotarajia. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, akingoja nimalize kila sentensi. Alisema serikali imeipunguzia kampuni yake kodi ya faida, na kwa miaka ya mwanzo imeisamehe kabisa. Fedha ambazo zingekwenda kwa mtoza kodi zitabaki kiwandani. Zitanunua mashine, zitaajiri vijana wetu, na mashine zikishafungwa zitahitaji matunda ya pasheni, pasheni nyingi, za mlima mzima. Akafungua viganja vyake kama mtu anayemwaga maharage juu ya mkeka.

Nikatafsiri. Mabenchi peke yake ndiyo yaliyolia, watu wakihamisha uzito wao kutoka paja moja hadi jingine.

Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja wa Butembo, muuza vitenge, rafiki wa shangazi yangu. Kila siku ya soko alivuka mpaka na mzigo wake kichwani.

"Weye mutoto, mwambie patron hivi," alisema. "Mimi nikivuka na vitenge tatu, pale duwani, kwa watu ba ushuru, beko nanikamata: lipa. Nikitandika chini: lipa. Nikienda kukojoa: lipa. Yeye iko anavuka na kiwanda muzima, na beko namupigia mikono. Juu ya nini?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Muuza chumvi mmoja wa Kabatoro akadakia kutoka nyuma, "Ushuru ni funza, mama! Unaingia mguu usio na kiatu!"

Mtu wa kampuni akaniinamia, akauliza wanasema nini. Nikamjibu kwamba wanataka maelezo zaidi.

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulainisha maneno. Ya pili ndiyo iliyoharibu mambo. Sikuweza kuvumilia kile kicheko. Nilikuwa na kipaza sauti, nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na niliamini kwamba hakuna jambo lisiloweza kueleweka likipewa mfano mzuri. Nikawapa mfano.

Kijijini kwetu kuna mfereji unaoleta maji kutoka mtoni hadi kwenye mashamba. Mvua zikipita unajaa tope na mawe, na siku ya kuuzibua kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe lake. Asiyetoka huchukuliwa kuku. Ni mtu mmoja tu anayesamehewa, naye ni bwana harusi. Kijana akioa, haguswi mpaka mke wake avune mavuno ya kwanza. Tunamwacha ajenge, alime, apate nguvu. Lakini siku msamaha wake ukiisha, huja na pombe ya ndizi kwa ajili ya wote, na huingia mahali penye kina kuliko pote, pale ambapo mawe ni makubwa. Sijawahi kusikia bwana harusi aliyekwepa.

"Kampuni hii," nilisema, na sauti yangu ikajaa ukumbi, "ni bwana harusi wetu. Tumwache ajenge. Kesho atashuka mferejini."

Kicheko kikazimika. Vichwa vikaanza kuitikia. Nikawaona wakikubali, uso baada ya uso, na furaha niliyoipata sijaipata tena kwa ukurasa wowote niliouandika. Mtu wa kampuni akatabasamu, bila kujua ameozwa.

Shangazi yangu alikuwa benchi la tatu, mikono magotini. Hakucheka mwanzo, wala hakuitikia mwisho.

Huyu ni mwanamke aliyefiwa na mume kabla sijaota meno. Hakuzaa. Alichokuwa nacho ni mimi na mibuni iliyopandwa na mumewe nyuma ya nyumba, safu kumi na moja zinazopanda hadi kwenye mwamba. Kahawa ile ndiyo iliyoezeka nyumba yake kwa bati. Kahawa ile ndiyo iliyonisomesha. Sasa mshauri wa kampuni alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akisema anayetaka kuuzia kiwanda ang'oe mibuni, apande pasheni, maana shamba moja halitoshi mambo mawili.

Tulipokuwa tukipanda kurudi nyumbani aliniuliza, bila kugeuka, "Mwana wa kaka yangu, bwana harusi anachungwa na wakwe. Huyu anachungwa na nani?"

"Na serikali, shangazi."

"Serikali si ndiyo iliyomsamehe?"

Nikamjibu kwa sentensi nyingine nzuri. Nimeisahau, na nashukuru kwamba nimeisahau. Ninachokumbuka ni kwamba aliisikiliza mpaka mwisho, akasema "Haya," na wiki ile ile akanoa panga.

Majirani waling'oa mibuni yao na mizizi yake, wakaichoma, moshi ukalala bondeni kwa siku kadhaa. Shangazi hakung'oa. Alikata kila mbuni usawa wa goti, akaacha visiki.

"Mgongo wangu umezeeka," alisema nilipomuuliza. "Acha visiki vishike fito zako."

Basi nikafunga fito na waya, safu baada ya safu, na pasheni zikapanda. Kila baada ya wiki chache alipita na kisu kidogo, akikwangua machipukizi yaliyokuwa yakitoka kwenye visiki. Nilidhani ni usafi.

Mimi nilikuwa ndani naandika, au nasema naandika. Niliandika aya, nikatoka nje, nikatazama barabara kule chini, nikarudi, nikaifuta. Siku za mfereji shangazi ndiye aliyebeba jembe la nyumba yetu. Wenzake walipouliza yule kijana wake yuko wapi, aliwajibu, "Mwacheni. Anaandika kitabu, kitatusaidia sote." Nilimsikia kupitia dirisha zaidi ya mara moja, na kila mara nilikaa wima zaidi kitini.

Msimu wa kwanza lori la kiwanda lilikuja hadi njia panda, likanunua kila kitu. Shangazi alinunua sufuria mpya na akamtania rafiki yake wa Butembo kwamba sasa ni tajiri, atahamia kwa bwana harusi. Msimu wa pili lori lilichelewa, likachagua pasheni kubwa tu. Msimu wa tatu magari yalipita bila kusimama. Yalitoka mbali yakiwa yamejaa mapipa ya bluu, na ndani ya mapipa, tuliambiwa, kuna juisi nzito iliyokwisha kukamuliwa nchi za watu. Mashine mpya, ile iliyonunuliwa kwa kodi iliyosamehewa, ilipenda juisi ya mapipa. Haikuhitaji mtu wa kumenya wala wa kuchuja. Vijana wetu walioajiriwa walikuwa walinzi wa lango na wachache wa kuosha sakafu.

Sikuweza kukaa. Asubuhi niliteremka hadi njia panda nikangoja lori. Lisipokuja nilipanda bodaboda hadi Kisinga, kuuliza kama huko limepita. Siku nyingine nilikwenda hadi Kasese, kwenye ofisi ya kampuni, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka paja likafa ganzi. Meneja yuko Kampala. Meneja yuko mkutanoni. Kwenye vibanda vya chai nilisikiliza watu wakibishana. Mmoja alisema, bila ule msamaha kiwanda kisingekuja kabisa, na angalau sasa tuna lango la kutazama. Mwingine akamwambia aende akalitafune hilo lango. Nilikunywa chai nusu kikombe, nikaondoka. Nikirudi juu nilipita mashamba ya majirani, pasheni zimeoza chini ya fito, nyigu wanalia juu yake. Wenye mashamba waliniamkia kama kawaida. Jirani yetu wa karibu, aliyeng'oa mibuni yake yote, aliniuliza kila jioni swali lile lile kwa upole ule ule: "Umelisikia lori?"

Sisemi yule mtu wa kampuni alitudanganya. Nimefikiri sana, na nadhani alisema alichoambiwa aseme. Hakuahidi kushuka mferejini. Aliyeahidi ni mimi.

Miaka ya msamaha ilipokaribia kwisha, tuliitwa tena ukumbini. Mwenyekiti aliniagiza nije na ile sauti yangu. Nilipewa fulana nyingine, nikaiacha juu ya benchi. Mtu wa kampuni alikuwa yule yule. Alisema hali ya biashara imekuwa ngumu, kampuni inaomba msamaha uongezwe, na wakubwa wangependa kusikia kwamba wananchi wanaunga mkono. Ukiongezwa, faida tulizozisubiri zitafika. Nikatafsiri neno kwa neno, kavu kama muhogo uliokaushwa juani.

Mama wa Butembo hakungoja kupewa ruhusa. "Fungate ya huyu bwana iko inaisha siku gani? Bibi harusi ameshaota mvi!"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa na meno. Na katikati yake shangazi yangu akasimama. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona akisimama mkutanoni. Alingoja kicheko kiishe.

"Mwana wa kaka yangu," alisema, na hakumtazama mgeni hata kidogo. "Yale maneno ya bwana harusi. Aliyasema yeye, au uliyasema wewe?"

Kipaza sauti kilikuwa kinalia kidogo. Jirani yetu alikuwa benchi la mbele, kofia mkononi. Ningeweza kusema kwamba mkalimani hufafanua, ndiyo kazi yake. Sentensi hiyo ilikuja mpaka ulimini, nzuri, imekamilika.

"Niliyasema mimi," nikajibu.

Mtu wa kampuni akaniinamia, akauliza wanasema nini. Safari hii nilimweleza yote: mfereji, kuku, pombe ya ndizi, mawe. Akashangaa kweli kweli. Alisema hajawahi kutamka habari ya harusi. Nikawatafsiria na hilo pia.

"Kumbe tulimwoza mtu ambaye hakuposa!" alisema muuza chumvi, lakini kwa sauti ya chini, na hakucheka. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mkutano haukufungwa kwa sala kama ilivyo desturi. Ulikwisha tu, kama maji yanavyokauka.

Tulipanda kurudi nyumbani. Shangazi alitangulia, nami nyuma nikitazama visigino vyake vilivyopasuka. Hakuingia ndani. Alizunguka nyumba hadi kwenye safu ya kwanza, akainama chini ya majani makavu ya pasheni, akanionyesha kisiki. Machipukizi mapya yalikuwa yametoka pande zote, ya kijani kibichi, yanang'aa. Hakuwa ameyakwangua kwa muda mrefu.

"Nilikuamini mpaka hapa," alisema, akagusa goti lake.

Kisha akanipa kisu. Acha mawili yenye nguvu kwenye kila kisiki, akanifundisha, mengine toa. Tulikata mashina ya pasheni, tukakunja waya. Kahawa iliyokatwa hurudi kuzaa ikingojwa vizuri. Iliyong'olewa hairudi. Ng'ambo ya ua jirani yetu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, akitazama tunachokifanya, na shamba lake nyuma yake lilikuwa fito tupu.

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilipita, na asubuhi pembe ya kuwaita watu mferejini ikapigwa. Nilikuwa mezani. Shangazi aliingia, akalaza jembe juu ya daftari langu, udongo mkavu ukaanguka juu ya karatasi. Karibu na mlango kulikuwa na dumu la pombe ya ndizi. Sikuwa nimeliagiza.

"Mavuno yako yamechelewa sana," alisema, "lakini msamaha umeisha."

Nililibeba dumu kichwani, jembe mkononi. Watu walikuwa wamekwisha kujipanga kandokando ya mfereji. Hakuna aliyenitania. Kwa jinsi ninavyowajua, hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nikaliweka dumu chini, nikavua viatu, nikasimama sijui pa kuanzia.

Jirani yetu akaninyooshea mahali kwa mpini wa jembe lake. Pale kwenye kona, ambapo maji yalikuwa meusi na jiwe moja kubwa limekaa katikati kama mgeni.

"Pale," alisema.

Nikaingia. Maji ya mlima yalinifika kiunoni, baridi mpaka ndani ya mfupa. Nikaingiza mikono chini ya jiwe, nikatafuta ukingo wake. Juu yangu, ukingoni, jirani yetu aliweka kofia yake kwenye nyasi, akaanza kushuka upande wa pili wa lile jiwe.