Yule Anayesimama Nyuma ya Kiti

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine (na kwa Musoma hii, mtasikia): kuna boma moja kule Buswahili ambalo kila nikifika, kabla hata sijapewa maji ya kunywa, napewa ufagio. Hawanichukii, wanacheka tu hadi wanashikana mabega, na mimi naupokea, nafagia kidogo, kwa sababu nilijitakia.

Mimi ni mtu wa Korogwe, nimeolewa huku na Magesa, na tuna steshenari ndogo pale Kitaji, ya kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuchapa kadi za harusi. Wateja wakipungua, mimi nina ugonjwa wangu: natengeneza kurasa za picha za familia, zile ambazo mtandaoni wanaziita skrapubuku. Unachukua manila, unabandika picha, unazungushia vipande vya kitenge, unaandika maneno matamu chini, halafu unaupiga picha ukurasa mzima na kuurusha kwenye grupu ili watu waseme woow. (Hapo kwenye woow ndipo ugonjwa wenyewe ulipo.)

Sasa wajukuu walikuwa wamewajengea bibi zao wawili nyumba mpya kule Buswahili, na siku ya kuibariki ilikuwa inakaribia. Bibi hao ni Bibi Nyabwire, mwenye boma, na Bibi Wakuru anayeishi naye, ambaye mimi nilimchukulia tu kuwa ni mdogo wake. Nilikuwa nimefika pale mara moja, zamani tukiishi Dodoma, siku ya kutambulishwa, na mnajua siku ya kutambulishwa mtu huoni sura za watu, unaangalia vidole vya miguu yako. Kwa hiyo safari hii nilitaka sana wanipokee kama mtu wao, nisiwe tena "yule mke wa Magesa wa kutoka Tanga". Wifi yangu Nyangeta, anayekaa Bunda, akaniletea kopo la biskuti limejaa picha za zamani nizisafishe, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: natengeneza albamu kimyakimya, iwe sapraizi, simuulizi mtu chochote. Hata mume wangu sikumuuliza, maana huyo ukimpa siri asubuhi, mchana unaikuta sokoni.

Picha nyingi zilikuwa za studio, zile zenye pazia lililochorwa mlima. Bibi Nyabwire, bado kijana, amekaa kwenye kiti, mkoba mapajani, kakaza uso. Na nyuma ya kiti, kila picha, kuna msichana. Hii kambeba mtoto, ile kamfunikia Bibi mwamvuli (ndani ya studio, jamani, mvua gani?), nyingine iliyopigwa nje ana beseni kichwani. Hakai hata picha moja. Nikageuza nyuma kutafuta jina, hakuna. Nikaweka moja kwenye skana, nikaivuta ikawa kubwa, nikaona ana masikio yaliyochomoza pembeni kama vishikio vya sufuria, na nikaanza kujiuliza, haya masikio mimi nimeyaona wapi? Nikalala nayo, nikaamka nayo. Mteja anataka kopi ya cheti, mimi namwangalia masikio. (Siyo yeye.)

Basi nikafanya upelelezi wangu: hakai, anabeba, analea, hana mkoba. Nikaamua ni dada wa kazi. Tena nikajisifu moyoni, kwamba mwingine angemkata kwa mkasi abaki Bibi peke yake, lakini mimi, mtu mwenye utu, nampa ukurasa wake. Nikauzungushia kitenge cha bluu, nikapanga vifungo vya shati pembeni, na chini nikaandika kwa kalamu ya dhahabu: "Bibi Nyabwire na dada wa kazi aliyemsaidia kumlea Baba. Dada, popote ulipo, asante." Baba ni marehemu baba mkwe wangu, ndiye yule mtoto aliyebebwa.

Asubuhi ya sherehe nikaurusha ukurasa huo kwenye grupu la ukoo kama kionjo, nikazima data, nikapanda bodaboda. Magesa alikuwa ametangulia jana yake kuchinja mbuzi. Nilitaka furaha yao nikaione kwa macho.

Nilipoingia uani, Nyangeta alinijia na ufagio. "Dada wa kazi, karibu! Huku sisi tunaanzaga na uwanja."

Nikacheka, nikajua ni utani wa mawifi, nikafagia. Nikapelekwa kwenye sufuria, nikasugua. Shangazi mmoja aliyekuja na sato wake kutoka Bukima akanichungulia jikoni, akaondoka anatikisika mabega, akarudi na mwingine, wakanichungulia wote wawili. Nikajikagua gauni, halijachanika. Magesa akaja mbio kutoka kwa wachinjaji, akafungua mdomo, na Nyangeta akamkatisha: "Wewe nyamaza! Bibi amekataza." Amekataza nini? Na mimi mtu wa kutaka kujua, nikawa nawashwa mwili mzima.

Padri akaibariki nyumba, chumba kwa chumba hadi jiko, akanawa, akala, akaaga. Ndipo Baba Mdogo wa Bunda, aliyekuwa mshereheshaji wetu, akanipa kipaza sauti na kutangaza kwamba mkamwana kutoka Korogwe ana zawadi. Bibi wawili walikuwa wamekaa sofa moja, vitenge sare. Nikapiga magoti nimpe Bibi Nyabwire albamu, lakini aliyenyoosha mkono ni Bibi Wakuru. Akafunua taratibu mpaka kwenye ukurasa wa bluu, akaweka kidole.

"Mkamwana, mimi shule sikuendaga. Nisomee hapa."

Nikasoma. Kwenye kipaza sauti, kwa madaha, na pale kwenye "Dada, popote ulipo, asante" nikaishusha sauti ili iwaguse watu.

Bibi Wakuru akasema, "Nipo hapa."

Halafu akavua kitambaa cha kichwani. Yale masikio! Nikageuka kumtafuta Magesa, nikamwona kasimama mlangoni, jua liko nyuma yake, na kila upande wa kichwa sikio limechomoza. Masikio ninayolala nayo kila siku, na nilikwenda kuyatafuta kwa wateja. Shangazi wa Bukima alicheka mpaka akaondoka kwenye benchi.

"Dada wa kazi?" Bibi Nyabwire akanguruma. "Huyu nilimuoa mimi! Ng'ombe zilitoka kwenye zizi langu. Sikupataga mtoto wa kiume, nikaoa, akaizalia nyumba yangu huyo marehemu baba yenu na huyu baba mdogo wenu, mshika maiki. Hii ni nyumba ntobhu. Hamjamwambiaga huyu mtoto?"

Hakuna aliyeniambia kwa sababu kila mtu aliona ni jambo la kujulikana tu, kama kujua mlango uko wapi. Mimi nilikuwa nimeshasikia habari za nyumba ntobhu, kwamba huku mwanamke anaweza kuoa mke ili watoto wawe wa nyumba yake, lakini nilidhani ni habari za watu fulani huko, kumbe nimeolewa ndani yake. Na Bibi Wakuru alishasomewa ukurasa wangu tangu asubuhi. Ndiye aliyekataza nisionywe. Alisema: mwacheni, aje anisomee mwenyewe.

Aibu niliyosikia siwezi kuieleza. Nilimwita mtumishi bibi aliyemzaa baba wa mume wangu, mbele ya watoto na wajukuu zake, siku ya kubarikiwa nyumba yake. Nikaomba msamaha hadi maneno yakaniisha, na yalipoisha, umbea wangu ukashinda hata aibu. "Lakini Bibi, mbona kila picha umesimama?"

Bibi Nyabwire akamjibia. "Kiti kilikuwa kimoja. Mwenye nyumba ndiye anakaaga."

"Na mimi nilikuwaga nachoka," Bibi Wakuru akasema.

Hakusema kwa hasira. Lakini hata shangazi wa Bukima aliacha kucheka, akafuta macho. Bibi Nyabwire aliutazama mkoba uliokuwa mapajani mwake. Kisha akashika fimbo, akainuka.

"Leteni kiti," akasema. "Kimoja."

Kikaletwa. Bibi Wakuru akakaa, akarekebisha kitenge, akanyoosha mkono bila kugeuka, na Bibi Nyabwire akampa mkoba. Yeye akasimama nyuma, kashikilia egemeo. Nyangeta, aliyechukua simu yangu apige picha, alikuwa bado anahangaika nayo, Bibi Nyabwire akaanza kulalamika kwamba piga upesi, miguu inauma.

"Vumilia," Bibi Wakuru akamwambia. "Utazoea."

Kisha akanitafuta kwa macho. "Na wewe wa Korogwe, njoo. Chukua beseni."

Tangu siku hiyo nimeapa: siandiki neno chini ya picha kabla sijawauliza wenyewe, hata iwe picha ya mbuzi nitamtafuta mwenye mbuzi. Ukurasa wa picha hiyo niliuandika palepale barazani, nikaacha nafasi ya kuibandika nikishaichapa, na maneno alinitajia Bibi Wakuru, neno kwa neno: "Wakuru amekaa. Nyabwire, mume wake, amesimama." Nilipotaka kuongeza jina la yule mwenye beseni, akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Atakayetaka kumjua atauliza."