Moto wa Mzee Narimani

Majirani walimcheka Modesta: eti anakaa kutwa na moto usiopika hata uji. Waache wacheke. Yeye alijifunga kanga mdomoni ili pumzi yake isiuguse, akaongeza kuni kavu, akakaa.

Moto ulikuwa wa Mzee Narimani, ambaye Modesta alimtunza, Mparsi aliyebaki peke yake pale mtaani. Wahenga wake walitoka nao Uajemi wakahamia Bara Hindi. Babu yake aliuleta Unguja, na baba yake akapanda nao treni hadi Morogoro, ndani ya chombo cha shaba. Ndivyo alivyosimulia mzee.

"Hatuuabudu, binti yangu," alisema. "Tunasali mbele yake. Nyinyi Wakatoliki si mna mshumaa wa Pasaka?"

Modesta alimwelewa upesi. Hata kwao Mgeta, jiko la bibi yake lilikuwa haliachwi lipoe.

Mzee alipozidiwa, alimshika mkono. "Mwanangu Shirini yuko njiani anatoka Uingereza. Mkabidhi huu moto. Ukizimikia kwangu, nitakuwa nimewazima wote walionitangulia." Modesta akaapa.

Mzee alikata roho asubuhi. Modesta akamwita mama yake mkubwa, Felista, aje akae nyumbani kwa mzee, mwenyewe akausindikiza mwili hospitali. Kwa kuchanganyikiwa, hakusema lolote kuhusu moto. Kosa lake ni hilo tu, na lilitosha. Ukoo wao mzima unajua: mwenye nyumba akifa, moto wake unazimwa na majivu yanamwagwa mtoni. Kuuacha uwake ni kumdharau marehemu.

Aliporudi mchana, alikuta chombo cha shaba kimesuguliwa kwa mchanga, kimefudikizwa juani.

"Nimemtendea yote, mwanangu," alisema Mama Felista, jasho likimtoka. "Hakuna atakayesema mzee wa watu kafa kama hana ndugu."

Modesta aliinama, akakifunua chombo: kitupu. Angemgombezaje? Mama huyu alikuwa amemfanyia Mparsi kile alichomfanyia mumewe mwenyewe.

Kiberiti kilikuwa rafuni. Alikichukua, akakitazama, akakirudisha. Moto wa kiberiti ungekuwa moto wa nani?

Jioni Shirini alishuka kwenye teksi, amekumbatia taa ya kioo aliyokuja nayo kubebea moto wa kwao. Kabla Modesta hajafungua mdomo, Mama Felista alishamwendea na kumkumbatia.

"Pole sana, mwanangu. Moyo wako utulie. Moto wa baba tumeuzima vizuri, hata kaa moja hatukubakiza."

Shirini alizaliwa mjini hapa. Kila neno lilimwingia. Akamgeukia Modesta. "Dada, ni kweli?"

"Ni kweli."

Shirini aliiweka taa chini, kwenye vumbi. Mbele yake alisimama mama mtu mzima, kanga ina tope la mtoni, akingoja kusikia kama alichofanya kimefaa.

"Shikamoo, mama," Shirini alisema. "Asante kwa kumheshimu baba."