Maini Aliyoyakataa Mrisho

Zamani hizo za Mwingereza, Kariakoo ilipokuwa bado na viwanja vitupu, harusi au hitima haikuwa na mchinjaji mwingine ila Mrisho. Si kwamba ndiyo kazi iliyomlisha. Chakula chake kilitoka kwenye kamba za usumba wa makumbi ya nazi, alizozisokota barazani nyuma ya soko, ncha ya kamba kaifunga kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Lakini kisu chake kilikuwa chepesi, na bismillahi yake haikuwa ya haraka. Watu walimpenda kwa hayo.

Mchinjaji alikuwa na haki yake. Mnyama akishachunwa, maini na figo hutangulia kwenye makaa, hutiwa chumvi na ndimu, huletewa yeye. Akishakula, ndipo wapishi huinjika masufuria. Akikataa, basi kuna jambo: labda mnyama alikufa kabla ya kisu, nyama ina shaka. Kabla ya haya ninayosimulia, sikupata kusikia mchinjaji aliyekataa.

Mwaka mmoja, Ramadhani ilipokwisha, harusi zilifuatana kama siafu. Mrisho alikula haki yake kila alikoitwa. Asubuhi moja akaamka kidole kile cha kamba kimevimba, chekundu, cha moto, hata shuka likikigusa analia. Majirani wakasema amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Mkewe, Mauza, akamkanda kwa mafuta ya nyonyo, hakupata nafuu; kila akitoka karamuni kidole kikawaka upya. Mwisho akamuuliza ni mchawi gani huyu anayekuja kila baada ya karamu, akamkokota mpaka hospitali.

Huko walimkuta dresa mmoja, msaidizi wa daktari, mtu wa bara, jina lake Kasmir, mpole wa maneno. Akawaeleza kwamba chakula huacha uchafu katika damu, na mwili huutoa kwa mkojo. Kwa Mrisho ulikuwa hautoki wote. Uliobaki ulikuwa ukiganda punje kali kama za chumvi na kujikusanya kwenye kiungo. Ugonjwa huo ndio jongo. Akampa dawa chungu ya kutuliza, akamwambia anywe maji mengi kutwa, apunguze nyama na dagaa, na vya ndani ya mnyama aviache kabisa.

Mrisho akauliza kama kipande kimoja kimoja cha ini, kwenye shughuli tu, kingekuwa na ubaya.

"Mwezi huu umeitwa shughuli ngapi?" Kasmir akauliza.

Mrisho akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia. Mauza ndiye aliyecheka.

Uvimbe ukashuka, akarudi kwenye kamba zake. Ugonjwa wenyewe akauficha, maana nani atamwita mchinjaji ambaye mguu wake hauaminiki?

Ikafika harusi ya Siti, binti wa Bi Fakhriya, mjane wa Kiarabu aliyekaa mtaa wa Gerezani. Mrisho akachinja vizuri. Sahani ya maini ikaja, inanukia. Akairudisha, akasema ameshiba.

Sadalla mpishi akaweka upawa chini. Neno likatoka uani likaingia ndani kwa wanawake, likatoka tena likafika barazani kwa wakwe waliotoka Msimbazi. Ami wa bwana harusi, Ubeid, akasema wao hawali nyama yenye shaka, na kama hakuna nyama nyingine heri waondoke mapema. Wengine wakaanza kutafuta viatu vyao.

Bi Fakhriya akatoka mwenyewe, buibui kalishika kwa meno, macho yamejaa.

"Kaka Mrisho, usinifiche. Mnyama wangu ana nini?"

Mrisho akamtazama yule mama, akawatazama wakwe wanaovaa viatu. Akavua kubadhi, akaunyoosha mguu mkekani mbele ya watu wote. Kidole kilikuwa bado kimenenepa kwenye fundo.

"Mnyama wako hana kitu, Bi Fakhriya. Mwenye kitu ni mimi. Nina jongo, na maini ndiyo yanayonilaza."

Akawasimulia aliyoambiwa na dresa, punje za chumvi na yote. Sadalla akasema, "Kumbe! Na sisi tulidhani unatembea polepole kwa uchaji Mungu." Uani kukavuma kicheko.

Ubeid hakucheka. Akauliza watajuaje kwamba huo si udhuru tu. Mrisho akakata kipande kidogo cha paja la mnyama yule yule, kwa kuwa paja hakukatazwa, aliambiwa apunguze. Akakibanika mwenyewe, akakila kwa bismillahi, akashushia kata ya maji. Haki yake ya maini akampa Sadalla, naye hakungoja kuombwa mara mbili.

Viatu vikavuliwa tena. Siti akaolewa, watu wakala wakashiba. Bi Fakhriya alimshukuru Mrisho hata akaona haya. Mrisho akasema ashukuriwe Kasmir, na Mauza aliyemkokota.

Mimi mwenyewe, kidole kiliponivimba uzeeni, sikutafuta mchawi. Nilikwenda moja kwa moja kwa dresa, na leo natembea. Namwombea Mrisho kila nikivaa viatu.

Mrisho aliogopa hataitwa tena. Haukupita muda, Ubeid alikuwa na karamu ya akika ya mjukuu wake. Akaja mwenyewe barazani kwenye kamba, akasalimu, akakaa.

"Njoo utuchinjie," akasema. "Paja tumekuwekea, na mtungi wa maji umejaa."