Kisu cha Mama Kacha

Jumanne, tarehe 14 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, na bati la karakana likidondosha tone moja moja karibu na jiliwa la kubania vyuma.

Saa nne mpima ardhi alikuja kuchukua kisu chake cha porini, kile kipana ambacho chuma chake hupita ndani ya mpini mpaka mwisho, kisivunjike mtu akikipasulia kuni. Fundi alikuwa amehangaika nacho siku tisa: kukipasha moto, kukizamisha kwenye mafuta, kukinoa. Kumkabidhi mteja ilikuwa kazi ya mkewe. Mke akamnyooshea. Mpima ardhi akapokea bila kuangalia, kama alivyozoea, akaruka nyuma kidole kikivuja damu.

"Ala! Mama Kacha, leo umeshika mpini wewe, mimi umenipa makali? Nimekukosea nini?"

Akacheka, na Mama Kacha naye akacheka. Fundi hakucheka.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja, na aliyeiweka ni mkewe: mwenzako mpe mpini. Binti yao aliijua kabla hajajua kuhesabu. Kwa miaka thelathini na mmoja mama yule hakuivunja, hata siku walizonuniana. Miezi ya karibuni, aliposahau chumvi, fundi alisema ni uchovu. Alipomwita binti yao kwa jina la dada yake mwenyewe, marehemu, fundi alisema watu wa ukoo hufanana. Hili la leo hakulipatia la kusema. Kisu kilikuwa kimefika mfupani.

Walikutana kwa sababu ya kisu kibovu. Fundi, bado kijana, alitengeneza kisu chake cha kwanza cha kukunja, mpini wa mpingo, akakitembeza kwa maseremala akijisifu. Msichana aliyekuwa akifunga bawaba za masanduku alikifungua mara mbili, akasema, "Chuma chako kizuri, kaka. Ila kiungo chako kimelewa." Akabaki nacho. Kesho yake alikirudisha kikifunguka kwa mlio mmoja mkavu: kacha! Fundi akamwambia akae nacho. Akakaa nacho, na mwishowe akakaa na fundi pia.

Tangu hapo mume alikuwa makali, mke kiungo, na jina la Mama Kacha likamganda. Visu vyao vya kukunja, vya pembe na shaba, vilinunuliwa na mawakili na madaktari, watu wasiokata chochote zaidi ya chungwa lakini wanaotaka kitu cha kumrithisha mtoto. Kile cha kwanza hakikuwahi kukosekana mfukoni mwa aproni ya Mama Kacha. Akiwaza, kacha. Akikasirika, kacha kacha.

Jioni binti yao, muuguzi, alifika akiwa bado na sare. Akaifunua mikono ya mama yake, akakuta viganjani mikato midogo minne, mingine imeanza kufunga.

"Baba, ulikuwa huoni?"

"Nilikuwa naona."

"Basi hicho cha mfukoni kiondoke. Leo hii."

"Ndicho kinachomtuliza, mwanangu."

"Kitakuja kumtuliza moja kwa moja, Baba."

Wakakichukua mama alipokuwa akioga. Haikupita nusu saa akaanza kupekua: chini ya mto, ndani ya sufuria, kwenye viatu. Hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu, huku kidole gumba kikisukuma hewa, kikifungua kisu kisichokuwepo.

"Nilipewa na kijana mmoja," alimwambia binti yake. "Akija kukiulizia, nitamwambia nini?"

Binti akageukia ukuta. Fundi akamrudishia mkewe kisu, akaketi naye akiushikilia mkono ule mpaka usingizi ulipomchukua, kisha akakitoa taratibu vidoleni mwake.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika. Fundi alifungua karakana kabla ya majirani, akakibana kisu kile kwenye jiliwa, akachukua tupa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutia makali. Kuyatoa hakujua aanzie wapi. Akaanzia kwenye ncha. Akakwangua mpaka makali yakawa mviringo kama ukingo wa kijiko, akapitisha msasa, akakikandamiza kwenye kiganja chake mwenyewe, kwa nguvu, mara tatu. Kiungo hakukigusa. Kile hakikuwa kazi yake.

Mkewe alipotoka akampa, mpini mbele. Kacha. Uso ukamtulia. Kisha, kwa mazoea, akaokota kipande cha gazeti ajaribu makali. Gazeti likajikunja tu.

"Nani amenoa kisu hiki?"

"Mimi."

Akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mwanagenzi siku yake ya kwanza. "Usivunjike moyo, kaka. Mume wangu ndiye bingwa wa makali. Akirudi nitamwambia akufundishe."

"Nitashukuru, dada," fundi akasema.

Akamsogezea kiti chake cha siku zote, akaondoa visu vingine vyote mahali ambapo mkono wake ungeweza kufika, kisha akaenda kuwasha tanuri.