Niliwadanganya wageni kuhusu msikiti wetu wa kale, sasa Bibi yangu anaitwa mchawi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naandika nikiwa na hasira, mkiona herufi zimerukwa mnivumilie. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu mbaya kuliko zote nimeifanya kwa mdomo wangu.

Mimi ni mtu wa Cabo Delgado, kaskazini ya Palma, upande wa kwenda Namoto. Kijijini kwetu kuna gofu la msikiti wa kale. Kuta za mawe ya matumbawe, paa hakuna, kibla bado kimesimama, na mbele ya mlango kuna birika la kujengwa ambalo wazee walikuwa wakitawadhia. Si kubwa. Ukipita na gari unaweza usilione.

Anayelitunza ni Bibi, mama mzaa baba yangu. Kila Alhamisi anafagia na kuchoma ubani. Tuliporudi kutoka ukimbizini, sisi wengine tulianza kutafuta mabati. Yeye alianza na ufagio.

Na katika ukoo wetu, mtoto akitimiza siku arobaini analetwa pale. Bibi anamsimamisha ndani ya birika, anammwagia maji miguuni, anamwombea dua, basi. Baba yangu alipitishwa pale, na mimi pia.

Sasa sikilizeni.

Mke wangu alikuwa na wiki mbili tu tangu ajifungue, yuko kwa mama yake kule Mute. Mimi nikapata kazi ya siku moja kuwaendesha wageni, mtu na mkewe, wametoka mbali huko kwao. Wakasema wanapenda magofu.

Nikafurahi kama mtoto. Nikawaambia hata kwetu lipo.

Njia nzima yule mama ananionyesha picha kwenye simu. Mwaka uliopita walikwenda Meksiko kuona magofu ya Wamaya. Wakuu, yale ni majengo! Mapiramidi marefu kuliko minazi, ngazi zinapanda mpaka unaogopa kwa macho tu. Akanieleza kwamba kule juu watu walikuwa wakichinjwa, na kwamba aliposimama pale mwili wote ulimsisimka.

Kama ni kweli au na wao walidanganywa na dereva kama mimi, sijui. Lakini siku hizi nawafikiria sana wajukuu wa hao Wamaya. Wapo, wanaishi. Sijui wanajisikiaje mtu akija kwao kutafuta damu tu.

Tukafika. Nikaanza kueleza vizuri. Hapa waliswali. Hiki ni kibla. Hapa walinawa miguu.

Yule bwana akatazama saa. Mkewe akauliza, "Ni hiki tu?"

Ni hiki tu!

Badala ya kukasirika naye, nikaona aibu. Nililionea aibu gofu letu kwa sababu halikuwa refu. Aibu ile ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Halafu yule mama akaonyesha birika kwa mguu. Akauliza kama na hapa watu walichinjwa.

Nikasema ndiyo.

Hakuna aliyenilazimisha, wala aliyenipa kitu. Nilitaka tu mumewe aache kutazama saa. Na kweli aliacha, akatoa simu akaanza kurekodi, na mimi nikachangamka. Nikasema damu ilikuwa ikijaa birika lile mpaka juu. Nikasema upo ukoo mmoja hapa kijijini ambao mpaka leo unalinda siri.

Ukoo wenyewe ni wetu, wakuu! Mjinga mimi.

Yule bwana video akaiweka mtandaoni, akaandika kwamba amegundua madhabahu ya siri. Komenti zikamiminika: inatisha, nataka kwenda, lini tunakwenda. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni kweli. Kisha mtu akaitilia maneno ya Kireno, ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, ikafika Mute kwa mama mkwe wangu.

Siku ya arobaini nikaenda kumchukua mke wangu na binti yetu. Mama mkwe akanisimamisha mlangoni.

"Mwanangu, mie sina ugomvi nawe. Ila mjukuu wangu hatiwi miguu penye damu za watu."

"Mama, nilisema uongo."

"Nimekuona kwa macho yangu unasema. Sasa nikuamini siku ipi, ile au leo?"

Mke wangu alikuwa nyuma yake na mtoto begani. Akainamisha kichwa.

Nikarudi peke yangu. Bibi yuko kwenye birika, amefagia tangu jana yake, maji amechota mwenyewe, amevaa kanga mpya.

"Wanakuja?"

"Hawaji, Bibi."

Nikamweleza yote. Kisha akaniuliza:

"Na hao wageni wako, walifurahi?"

"Walifurahi, Bibi."

"Haya."

Akamwaga maji, akaenda zake nyumbani. Angenipiga na ule ufagio ningeshukuru.

Ijumaa nikasimama msikitini baada ya swala, nikasema mbele ya watu wote kwamba nilidanganya. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyo anamfichia bibi yake." Watoto sasa wanamkimbia Bibi njiani, wanamwita mchawi. Jamaa zetu wawili wamezaa tangu siku hiyo, na hawakuwaleta watoto wao.

Nikamwandikia yule bwana aiondoe video. Akanijibu kwa vikatuni vya kucheka, kwamba nisijali, kila mahali pana hadithi yake na watu wanaipenda hii. Hadithi yake! Bibi yangu amekuwa hadithi yake!

Nilichojifunza ni hiki: mgeni akichoshwa na ukweli, mwache achoke. Mrudishe garini. Kinywaji mpe, uongo usimpe.

Ninyi mnaotembeza wageni Kilwa, Ibo na kwingineko, semeni hapa chini mnawajibu nini wakitaka damu. Matusi pia nitayasoma, nimeyastahili. Pole sitaki.

Ila kabla hamjaandika hapa, naomba jambo moja. Video bado ipo. Mkikutana na jamaa mwenye kofia nyekundu anaonyesha birika kwa kidole huku anatabasamu, ndiye mimi; andikeni chini yake, kwa lugha yoyote mnayoijua, kwamba huyo ni mwongo na pale ni msikiti.

Binti yangu ana miezi minne. Bibi hajamshika hata mara moja.