Mbao za Élie

Uwamwezi, mke wa mwanangu, hupiga picha kila fromaji, jibini tunayotengeneza kwa maziwa yetu, kabla haijafungwa kwenye pikipiki ya kuteremka Goma, juu na chini, na kuihifadhi kwenye simu pamoja na jina la mnunuzi. Hapa Ngungu walimcheka. Jirani yetu Bibiche alisimama mlangoni akauliza, "Leo fromaji njo bibi-arusi?" kana kwamba ndiyo bibi-arusi wa kupigwa picha. Hata mimi, niliyefundisha shule miaka ishirini, niliona ni mchezo.

Alichekwa pia kwa ajili ya mbao. Siku hizi wengi hulaza fromaji juu ya plastiki, nayo ikichakaa huitupa mtoni. Uwamwezi alibaki na mbao alizochonga marehemu mume wangu, Élie. Huzisugua kwa maji ya moto, huzianika juani, na kila asubuhi hugeuza fromaji juu yake.

Mwezi wa saba, Godelieve, anayeuza fromaji zetu Goma, aliweka kwenye grupu la WhatsApp la wauzaji picha ya fromaji iliyopasuka, juu imefunikwa na ukungu wa kijani. Akaandika kwamba za kwa Papa Élie zimeharibika. Grupu lile lina watu zaidi ya sitini. Kabla ya saa sita wateja wawili walikuwa wamekwisha kujitoa. Jina ambalo Élie alilijenga tangu ng'ombe wake wa kwanza lilikuwa linakwisha kwa siku moja. Nilitoa kitenge changu kizuri ili nishuke Goma kumwomba Godelieve afute maneno yake.

Uwamwezi alinizuia. Alimpigia Godelieve bila kugombana. "Mama, pindua ile fromaji, unitumie picha ya chini."

Picha ikaja. Chini palikuwa laini kama sahani. Uwamwezi akamtumia picha za fromaji nane alizompelekea wiki ile. Zote chini zilikuwa na mistari iliyoachwa na mbao, na tatu zilikuwa na duara la kifundo cha ubao uleule. Tukangoja. Nilikaa juu ya bidoni ya maziwa.

Sauti ya Godelieve ikaingia: "Dada, njo nimekosa. Ile nilinunua njiani, nikaichanganya na zenu mu gunia moja. Munisamehe. Naandika mu grupu sasa hivi."

Aliandika kweli. Nilirudisha kitenge sandukuni.

Siku ya pili Bibiche alikuja kuazima ubao mmoja. Nilimjibu kwa heshima kwamba mbao za Élie haziazimwi, achonge zake.